Madoa kwenye majani ya maharagi: ozoni ya Luvungi inatoka wapi?

Wandugu, nianze na kosa langu, juu bila hilo nitaonekana sawa mtu anayefundisha jambo alilolijua tangu zamani.

Kiangazi kimoja, mwezi wa 8, mama mmoja wa hapa Luvungi aliniita shambani mwake. Analima maharagi mafupi kando ya mfereji, kwa hiyo hata mvua ikikatika yeye iko na maji. Majani ya chini yalikuwa na madoa madogo madogo ya kahawia, kama mtu aliyepitisha brashi yenye kahawa juu yake. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na lisansi yangu ya agronomia, na nilitaka kuonekana najua. Niliangalia dakika mbili, nikasema ni kutu. Nikamwambia anunue dawa ya ukungu, mankozebu, ile ya unga wa manjano. Aliuza kuku wawili akainunua, akapulizia mara mbili. Madoa yakaendelea kupanda jani kwa jani, majani ya chini yakageuka manjano yakaanguka mapema, na mavuno yakawa machache kuliko alivyozoea. Tulipokutana barabarani aliniambia tu: "Agro, ile dawa yako ilikataa." Hakuongeza neno.

Kosa langu lilikuwa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kutu ya maharagi inatoa vipele vyenye unga. Ukipitisha kidole, unga wa rangi ya kutu unabaki kwenye ngozi. Mimi sikupitisha kidole. Tena kutu inaonekana sana upande wa chini wa jani, na yale madoa yalikuwa upande wa juu tu, katikati ya mishipa, mishipa yenyewe ikibaki kijani. Na kuna jambo lililopaswa kunishtua zaidi: shamba la jirani, hatua kumi tu, lilikuwa na aina nyingine ya maharagi, na sikuona doa hata moja.

Miaka miwili baadaye nilikuta picha ya jani kama lile katika kitabu cha magonjwa ya mimea, katika kurasa za mwisho, zile ambazo darasani hatukuzifikia. Chini ya picha waliandika: ozoni. Siapi kwamba njo hiyo iliyopiga maharagi ya yule mama. Utitiri mwekundu unaleta madoa yanayokaribiana, na upungufu wa madini pia. Lakini utitiri unaacha utando chini ya jani, na mimi utando sikuuona. Tangu siku ile nimekuwa nasoma juu ya ozoni, na nilichokuta kinatuhusu watu wa Kivu kuliko nilivyodhani.

Wengi wetu ozoni tuliisikia kwenye kozi ya jografia: lile tabaka la juu, kilomita 15 hadi 35 kutoka ardhini, linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Hiyo ni kweli. Lakini gazi ile ile, atomu tatu za oksijeni zilizoshikana, ikiwa chini, fasi tunapovutia hewa, iko sumu. Inachoma mapafu, inaamsha asma. Kwenye mmea inaingia kwa stomata, vile vimlango vya jani vinavyofunguka ili kuvuta gazi kaboni. Ikishaingia, inaunguza seli kutoka ndani, na mmea unatumia nguvu yake kujitibu badala ya kujaza maganda.

Hapo nilisimama kidogo, juu ya neno stomata. Mmea ulio na kiu unafunga vimlango vyake. Mmea ulionyweshwa unavifungua. Maana yake, katika kiangazi, wakati shamba la mlimani limekauka na limejifunga, shamba la mfereji katika Ruzizi liko wazi mchana kutwa. Ile mifereji tunayoisifu, na mimi naisifu, inaifungulia ozoni mlango. Yule mama hakuwa mzembe. Inawezekana alipigwa kwa sababu alimwagilia vizuri.

Sasa, inatoka wapi? Hili njo jambo gumu, na njo sababu ya kuandika. Ozoni ya chini haitoki kwenye bomba la mtu yeyote. Huwezi kuonyesha kidole lori, au tanuru, au moto ya pori, ukasema: hii hapa inatoa ozoni. Inapikwa hewani. Ni sawa kasiksi: hakuna mtu anayechuma kasiksi kwenye mgomba. Kuna ndizi, kuna mtama, kuna joto, na kuna siku za kungojea. Kwa ozoni, ndizi ni oksidi za nitrojeni, zinazozaliwa kila mara moto mkali unapochoma hewa: injini ya lori, gurupu ya umeme, tanuru ya saruji, nyasi zinazowaka. Mtama ni mvuke za kikaboni: esansi isiyoungua vizuri, moshi ya kuni na makala, na hata pumzi ya miti yenyewe. Joto ni mwanga wa jua, unaovunja dioksidi ya nitrojeni na kuachia atomu moja ya oksijeni, na atomu ile inajiunganisha na oksijeni ya kawaida ikawa ozoni. Na siku za kungojea ni masaa, wakati mwingine siku mbili tatu, ambayo upepo unabeba ule mchanganyiko. Kwa hiyo anayetoa ndizi na anayekunywa hawakai kijiji kimoja.

Watu wa Los Angeles walijifunza hilo kwa shida. Mwezi wa 7 mwaka 1943, katikati ya vita, ukungu mkavu wenye kuchoma macho ulifunika mji ule. Wengine waliwaza kwamba Wajapani wamewarushia gazi. Baadaye lawama ikaangukia kiwanda kimoja cha butadieni; kikafungwa kwa muda, lakini ukungu ukaendelea kurudi. Kilichofungua fumbo, na hapa agronomu wasikie vizuri, ni majani ya mboga. Wakulima wa pembeni ya mji walikuwa wanaleta majani ya mboga yenye rangi ya fedha na ya shaba ambayo hakuna ugonjwa uliojulikana ungeweza kuyaleta. Arie Haagen-Smit, mkemia wa mimea aliyetoka Uholanzi, ambaye kabla ya hapo alikuwa anatafuta kinachompa nanasi harufu yake, mwanzoni mwa miaka ya 1950 alichukua mvuke wa esansi na oksidi za nitrojeni, akaviweka kwenye mwanga, na akapata ozoni pamoja na majani yaliyoharibika vile vile. Mji mzima ulikuwa unatafuta bomba moja la kulaumu, kumbe kilichowaumiza kilikuwa kinatengenezwa juu ya vichwa vyao, kwa jua lao wenyewe, kutoka kwa magari yao.

Turudi kwetu. Viungo vya kasiksi hii tunavyo vyote, na vingine vinashangaza. Kabare, hapo juu ya Bukavu, iko fasi ya pili duniani kwa radi, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela tu: setilaiti iliyohesabu miali kwa miaka 16 ilipata zaidi ya 200 kwa kilomita ya mraba kila mwaka. Kila mwali unaunganisha nitrojeni na oksijeni ya hewa. Lakini msikimbilie kuilaumu radi. Kazi yake inafanyika hasa juu sana, na hasa katika mvua, wakati yale madoa yanakuja katika kiangazi. Udongo nao unachangia: bakteria za ardhi kavu zinatoa oksidi ya nitrojeni kwa nguvu mvua ya kwanza inapoangukia shamba, ile ya mwezi wa 9 ambayo sisi tunaifurahia kwa harufu yake.

Kiungo kikubwa cha kiangazi ni moto. Zaidi ya nusu ya ardhi yote inayoungua kila mwaka duniani iko Afrika. Kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 9 ukanda wa moto uko kusini yetu: Katanga, Zambia, Angola, Tanzania. Mwezi wa 12 hadi wa 2 unahamia kaskazini ya ikweta, Sudani Kusini na Afrika ya Kati. Siye tuko katikati, tunapokea zamu zote mbili. Kila mtu wa Luvungi anajua zile siku za mwezi wa 7 na wa 8 ambapo milima ya Burundi inapotea mchana kweupe na jua la jioni linakuwa sawa kaa la moto. Tunasema ni vumbi. Sehemu ni vumbi.

Haya si mawazo yangu tu. Rwanda, kwenye kilele cha mlima Mugogo, karibu mita 2,600 juu ya bahari, kuna kituo ambacho tangu mwaka 2015 kinapima ozoni, monoksidi ya kaboni na masizi. Walichoona ni kwamba vyote vinapanda katika majira ya kiangazi, hewa inapopita juu ya nchi zinazoungua kabla ya kufika kwao. Kenya wanapima Nairobi na kwenye mlima Kenya tangu miaka ya 1990. Huku bondeni mimi sijaona hata kifaa kimoja. Lakini upepo hausimami Kamanyola kuonyesha jeto.

Juu ya moto kuna miji. Nifanye hesabu ya vidole, na muichukue hivyo, ni hesabu, sikupima. Kutoka Bujumbura mpaka Luvungi, kwa mstari wa ndege, ni kama kilomita 60. Katika kiangazi, mchana, upepo unapanda kutoka upande wa ziwa Tanganyika kuja kwetu. Wanaoendesha baiskeli na mzigo kutoka Sange wanaujua, unawasukuma mgongoni. Tuseme unatembea kilomita 12 kwa saa. Moshi ya magari ya Bujumbura na ya Uvira ya saa tatu asubuhi inafika hapa saa nane mchana. Masaa matano chini ya jua kali. Huwezi kupanga muda mzuri zaidi wa kupika ozoni hata ukitaka.

Hapa njo modeli inapoingia. Wengi wakisikia modeli ya hewa wanawaza uchawi wa kompyuta. Waza mashamba ya mpunga. Bonde limekatwa vipande vipande, kila kipande na tuta lake, na maji yanaingia upande mmoja na kutoka upande mwingine. Modeli inakata hewa vile vile, visanduku pembeni na visanduku juu ya visanduku. Kwa kila kisanduku inaandika hesabu: upepo umeleta nini kutoka kwa jirani, umepeleka nini, moto na magari ya humu yametoa nini, jua limepika nini, majani na udongo vimemeza nini. Inafanya hivyo kwa kila dakika chache, siku baada ya siku. Programu za namna hiyo zipo, na zinatolewa bure: CMAQ ya Marekani, CHIMERE ya Ufaransa, WRF-Chem.

Faida ya kwanza ya modeli si kutabiri. Kifaa cha kupima kinakuambia ozoni iko ngapi. Hakikuambii ni ya nani. Modeli unaweza kuiuliza swali ambalo huwezi kuuliza hewa: endesha mwezi wa 8 mzima, kisha uendeshe tena bila moto wa Katanga, tena bila magari ya Bujumbura, tena bila gurupu za Bukavu. Tofauti kati ya majibu njo sehemu ya kila mmoja. Bila hilo, mpango wowote wa hewa ni kugawanya lawama kwa sauti.

Na majibu yanaweza kuwa kinyume cha akili. Oksidi ya nitrojeni inayotoka moja kwa moja kwenye injini inakula ozoni. Kwa hiyo katikati ya mji wenye magari mengi, karibu na bomba, ozoni inaweza kuwa chini kuliko kijijini upande unakoenda upepo. Mtu anaweza kupima mu Bukavu, kwenye msongamano, akasema hapana shida, na shida iko shambani kilomita 40 kutoka pale. Los Angeles waliona jambo la ajabu zaidi: siku ya Yenga malori yalipungua, oksidi za nitrojeni zikapungua, na ozoni ikapanda. Mji ule ulikuwa na oksidi nyingi mno ukilinganisha na mvuke za kikaboni. Ukipunguza ndizi wakati kinachokosekana ni mtama, pombe haipungui.

Kwetu hali iko tofauti. Tuna misitu, Kahuzi-Biega na Itombwe, na miti inatoa mvuke wa kikaboni kwa wingi, hasa isoprini. Mtama tunao mwingi sana. Kinachopungua ni oksidi za nitrojeni. Maana yake, fasi kama Luvungi, kila mzigo mpya wa oksidi, wa moto au wa injini, unaelekea kugeuka ozoni kwa urahisi. Na maana yake pia, yeyote atakayekuja kusema miti inachafua hewa, muulize kwanza alichoma nini. Sehemu yenye oksidi chache, mvuke ya miti peke yake haipandishi ozoni. Inaweza hata kuimeza.

Modeli hizi ziko na ugonjwa wake, na tusiufiche. Kuna utabiri wa dunia nzima wa mpango wa Ulaya unaoitwa Copernicus, bure, unatoa ozoni ya chini kwa siku tano za mbele. Nimekuwa naufungua kwenye simu wakati mtandao unapatikana. Lakini kisanduku chake kina upana wa kilomita kama 40. Weka kisanduku hicho juu ya Luvungi: kinameza bonde lote la Ruzizi, mto, ngazi za milima yetu na sehemu ya milima ya Burundi, na kuvipa vyote urefu mmoja wa wastani. Bonde letu, mita 900 na kitu, linapotea. Na usiku wetu unapotea pia: huku chini, hewa ya baridi inashuka kutoka milimani na kulala, majani na moshi ya jikoni vinakula ozoni, asubuhi iko kidogo, kule kileleni inabaki juu usiku kucha. Kisanduku kimoja hakiwezi kusema mambo mawili. Ili modeli ituone lazima visanduku viwe vya kilomita tatu au nne, na hapo njo inadai kitu ambacho hatuna: orodha ya nani anachoma nini, wapi, na saa ngapi.

Hapo nawageukia ninyi, wandugu wa lisansi zilizokaa kabatini. Orodha ile haiandikwi na setilaiti peke yake. Setilaiti ya Sentinel-5P, iliyorushwa mwezi wa 10 mwaka 2017, inaona dioksidi ya nitrojeni kwa vipande vya kilomita 3.5 kwa 5.5, na data zake ni bure kwa mwanafunzi yeyote. Inaona moto mkubwa na miji mikubwa. Haioni mama anayepika na makala mu Kadutu, haihesabu magunia yanayoshuka kutoka Nindja, haijui gurupu inawashwa saa ngapi SNEL ikikata. Hiyo ni kazi ya daftari na miguu. Nimeona TFC kumi juu ya mosaiki ya muhogo, na siwacheki, yangu ilikuwa ya kumi na moja. Lakini sijaona hata moja iliyohesabu gurupu za avenyu moja na lita za mazutu zinazokunywa kwa juma.

Kisha mpango wenyewe. Ozoni haiwezi kupangwa na komine, wala na provensi. Marekani ya mashariki ilijaribu jimbo kwa jimbo, ikashindwa, juu jimbo lililo chini ya upepo lilikuwa linaadhibiwa kwa moshi ya jirani. Kati ya mwaka 1995 na 1997 majimbo 37 yalikaa pamoja na modeli mezani, na mwaka 1998 ukaja uamuzi wa kupunguza oksidi za nitrojeni katika majimbo 22. Ulaya ilifanya kazi ile ile kati ya nchi na nchi, mpaka mkataba wa Gothenburg wa mwaka 1999, uliogawanya mizigo kwa kutumia modeli ya kituo cha Laxenburg, Austria. Kila nchi ilikuwa inaweza kuuliza: nikipunguza mimi, nani anapona? Wewe ukipunguza, mimi napata nini?

Kwetu karatasi zipo. Mwaka 2008 nchi za SADC, na Kongo ni memba, zilikubaliana Lusaka juu ya hewa chafu inayovuka mipaka; mwaka ule ule nchi za Afrika ya Mashariki zilikubaliana Nairobi. Nani kati yenu aliisikia darasani? Mimi hapana. Na mfano wa kazi ya nchi tatu tunao mlangoni. Umeme wa Ruzizi ya pili ni wa SINELAC, shirika la Burundi, Rwanda na Kongo. Kwa maji ya Ruzizi nchi hizi tatu, pamoja na magomvi yote, zilikaa zikagawana kilowati. Hewa inayopita juu ya mto ule ule haina hata daftari.

Mtu atauliza: kwani hasara ni kubwa kiasi gani mpaka tusumbuke? Ulaya wana kipimo, kinaitwa AOT40, na ni rahisi kuliko jina lake. Kila saa ya mchana ambayo ozoni inapita 40 (chembe 40 katika chembe bilioni moja za hewa), unaandika ziada tu. Unajumlisha kwa miezi mitatu. Ukifika 3,000, ngano inaanza kupoteza kama asilimia 5 ya mavuno. Sasa jaribu: ozoni ikiwa 44 kwa masaa nane kila siku, siku 90, unapata 4 mara 8 mara 90, yaani 2,880. Uko salama, kidogo tu. Ikiwa 50, unapata 7,200. Tofauti ya chembe sita katika bilioni, ambayo pua ya mtu haiwezi kusikia, inakupeleka zaidi ya mara mbili ya mpaka. Na maharagi ni kati ya mimea inayoumia haraka. Mtama na ulezi zinavumilia zaidi. Kwa watu wenyewe, Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 liliweka mpaka wa mikrogramu 100 kwa mita ya ujazo kwa masaa nane, ambayo ni karibu chembe 50 katika bilioni. Mtoto mwenye asma na jani la haragi wanakaribia kuwa na mpaka mmoja.

Nilirudi kwa yule mama. Ilinichukua muda kupata ujasiri. Nilimweleza yote haya kwa dakika kumi, bila neno kemia, nikamwomba msamaha wa kuku wawili. Alisikiliza akipepeta mchele. Akasema: "Sawa, mutoto yangu. Basi dawa ya hewa njo gani?"

Sikuwa na dawa ya hewa. Nilikuwa na mambo mawili. La kwanza: asinunue tena mankozebu kabla ya kupitisha kidole kwenye jani, na mbele ya kiangazi apande aina ya jirani, ile ambayo haikuwa na doa. La pili lilikuwa ombi. Huko Ulaya na Marekani wana maharagi ya majaribio ya aina mbili, S156 isiyovumilia ozoni na R123 inayovumilia. Wanayapanda pamoja, hewa ikiwa safi yanazaa sawa, hewa ikiwa chafu ile ya kwanza inabaki nyuma. Mbegu zile sina. Lakini aina yake na aina ya jirani zinaweza kuanza kutuonyesha njia: mistari miwili, siku moja, mfereji mmoja, bila dawa, na kuhesabu majani yenye madoa kila juma. Pembeni nitatundika karatasi ya Schönbein, yule aliyegundua ozoni mu Basel mwaka 1839: wanga na yodidi ya potasiamu, inageuka rangi ya zambarau ozoni ikiwepo. Unyevu unaidanganya, kwa hiyo si mizani ya kuapia, lakini inapatikana kwa bei ya soda chache.

Shamba moja ni hadithi tu. Mashamba sita kutoka Uvira, Kiliba, Sange, Luvungi, Kamanyola na Nyangezi, yakipandwa juma moja, yanaanza kuonyesha kama madoa yanaongezeka kwa kufuata upepo. Aliye na mama, shangazi au mjomba mwenye mfereji kwenye mstari huo, na wandugu wa ng'ambo, Rugombo na Bugarama, aniandikie kabla ya mwezi wa 6. Mbegu za aina zote mbili nitagawa, bakuli moja kwa kila mtu.

Mama amekubali kutoa mistari yake miwili. Ameweka sharti moja: kumwagilia na kuhesabu ni kazi yangu, na haragi lolote litakalopona ni lake.